Kwa nini watengenezaji wa tovuti wasiishie kwenye seva

BANDARI Kavu ya Isaka, mkoani Shinyanga, hupitisha shehena ziendazo Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kontena la kimataifa huwa na namba yenye herufi 4 na tarakimu 7. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, ili kusaidia kubaini makosa ya uandishi.

Wakala wa mizigo akikosea tarakimu katika fomu inayokaguliwa na seva pekee, yaani kompyuta kuu ya mfumo, taarifa zote husafiri hadi huko, kisha hurejeshwa zikiwa zimekataliwa. Mtandao ukiwa dhaifu, muda na fedha hupotea.

Lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, hufanya hesabu hiyo ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta au simu ya wakala mwenyewe. Kosa huonekana papo hapo.

Hata hivyo, mwenye hila anaweza kuukwepa ukaguzi wa kivinjari, hivyo seva haina budi kukagua tena. Mtengenezaji ajuaye pande zote mbili humpunguzia wakala usumbufu, na wakati huohuo hulinda kumbukumbu za mizigo.