Kwa nini nchi ndogo huhitaji soko la jirani

Mwaka 1819 Mjerumani Friedrich List alilalamika kuwa mfanyabiashara anayetoa mzigo Hamburg kwenda Austria anapita nchi 10 na kulipa ushuru mara 10. Hata hivyo hakupinga ushuru wote. Katika kitabu chake cha 1841 alitaka viwanda vichanga vilindwe hadi vikomae, ila alionya: nchi ndogo ikijifungia peke yake, ulinzi hugeuka ukiritimba wa wachache, maana soko ni dogo mno.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza 2005, baadhi ya bidhaa za Kenya zilitozwa ushuru zikiingia Uganda na Tanzania, ukipungua kila mwaka hadi 2010. Waliovusha mzigo Busia na Namanga ndio walioilipia kinga hiyo.