Pikapu Iliyonyanyuliwa na Tela Nyuma Yake

Mwenye pikapu iliyonyanyuliwa huja gereji na malalamiko mawili yanayopingana. Akiwa hana mzigo, nyuma inamrusha kwenye kila tuta mpaka abiria wa siti ya nyuma wanashika vishikio vya juu. Akifunga tela, nyuma ileile ngumu inazama, taa za mbele zinamulika matawi ya miti na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Jibu la haraka la gereji nyingi ni moja: tuongeze pleti kwenye springi ya nyuma. Pleti inaongezwa, tela likifungwa gari linakaa sawa, na kuanzia hapo siku ambazo hakuna tela, ambazo ndizo nyingi, gari halikaliki.

Tatizo linaanzia kwenye kuchanganya kimo na nguvu. Kunyanyua gari ni kutafuta nafasi: nafasi kati ya difu na mawe, nafasi ya matairi makubwa ndani ya fenda. Kubeba mzigo ni kazi nyingine kabisa. Springi inaweza kupindwa zaidi ili ipandishe gari bila kufanywa nene zaidi. Seti nyingi zinazouzwa madukani hufanya kazi zote mbili kwa chuma kimoja, na muuzaji haulizi mnunuzi anabeba nini. Ndipo unapata pikapu yenye springi za mzigo ambao inaubeba mara chache kwa mwezi.

Tuchukue Hilux ya kizazi kilichotoka mwaka 2015, yenye mm 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tuseme imenyanyuliwa mm 50, inatoka Arusha kwenda Serengeti ikivuta tela la vifaa vya kambi lenye kilo 1,500. Tela lililopakiwa vizuri hukandamiza kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake kwenye lile tufe la chuma la kuvutia, yaani kilo 150. Wengi hudhani ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 150 hizo tu. Tufe liko nyuma ya ekseli, na kama umbali huo ni mita 1.25, chesisi inafanya kazi kama mtaimbo: ekseli ya nyuma inapokea kilo 211, na 61 kati ya hizo zimehamishwa kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Ndiyo maana usukani unalegea, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa, zinakosa uzito wa kuzisaidia kushika barabara. Hapo bado hujahesabu abiria wa nyuma, jenereta na madumu ya mafuta kwenye bodi.

Sasa hesabu ya springi yenyewe. Ugumu wa pleti haupandi sambamba na unene wake. Unapanda kwa unene huo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukilinganisha pleti ya mm 8 na ya mm 7 zenye urefu na upana uleule, ya kwanza ni ngumu kwa karibu nusu zaidi. Fundi anayechomeka pleti nene iliyotolewa kwenye lori kuukuu anaweza kuongeza ugumu kwa kiasi ambacho hakukikusudia, na kwa kawaida hajapima chochote, si kabla wala baada.

Mwili unausikia ugumu huo kama kasi ya gari kupanda na kushuka. Springi iliyolala mm 250 chini ya uzito wake huchezesha gari mara moja kwa sekunde. Ikilala mm 60 tu, gari hucheza mara mbili kwa sekunde. Magari ya abiria yanayosifiwa kwa utulivu huwa kati ya mara moja na moja na nusu. Pikapu tupu yenye springi za mzigo mzito huvuka mbili, na kila inavyozidi hapo inasogelea mtikisiko ambao mwili wa binadamu huuvumilia kidogo kuliko yote, ule wa mara nne hadi nane kwa sekunde. Uzito ukiongezeka juu ya springi hiyohiyo, mchezo wake unapungua kasi. Ndiyo sababu Hilux hutulia ikipakiwa mifuko ya saruji, na ndiyo sababu kuongeza ugumu hakuwezi kumponya mtu anayelalamika kurushwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, nenda kwenye mizani. Si lazima iwe ya barabara kuu. Wanunuzi wakubwa wa nafaka na wa vyuma chakavu wanazo. Weka magurudumu ya nyuma peke yake juu ya mizani, gari likiwa na kila kitu kinachokaa humo daima: bampa ya chuma, kava ya bodi, tenki la ziada, boksi la vifaa. Andika. Kisha pima tena, tela likiwa limefungwa na watu wote wamepanda. Namba ya kwanza ndiyo inayochagua springi. Tofauti kati ya namba hizo mbili itafutiwe msaidizi wake, nitakayemtaja baadaye. Watengenezaji wanaojua kazi yao, kama ARB ya Australia yenye springi za Old Man Emu, huuza springi za gari moja kwa mafungu tofauti ya uzito wa kudumu. Anayeagiza "ile ngumu kabisa" kwa sababu siku moja atavuta boti anajiadhibu bure. Halafu linganisha namba ya pili na kikomo cha ekseli ya nyuma alichoandika mtengenezaji wa gari. Ukikivuka, hakuna springi wala shokapu inayokisogeza. Beringi, ekseli na chesisi ni zilezile.

Tairi nalo ni springi, na kulirekebisha hakugharimu kitu. Matairi makubwa yanayofuata kunyanyua gari huwa ya daraja la malori madogo, yenye kuta nene, na wajazaji upepo hupenda kuyajaza kupita kiasi kwa hoja kwamba ni ya mzigo. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinahusu tairi la awali, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa safari ya bila tela, shusha psi chache nyuma. Ukifunga tela, zirudishe na uongeze. Madereva wa Australia wana kipimo ambacho hata hapa kinafaa: pima asubuhi tairi likiwa baridi, pima tena baada ya saa moja barabarani. Upepo ukiwa umepanda zaidi ya psi 4 hadi 6, tairi lilikuwa na upepo mdogo kwa mzigo ule. Usipopanda kufikia hapo, ulijaza mno.

Baada ya hapo ingia uvunguni, maana huko ndiko wengi hawaangalii. Springi ya pleti ikikandamizwa inanyooka, na ikinyooka inarefuka. Shako, kile kipande cha chuma kinachobembea mwisho wake wa nyuma, kipo ili kuipa nafasi ya kurefuka. Gari likisimama na mzigo wake wa kawaida, shako inatakiwa iegemee nyuma kidogo. Springi iliyopindwa mno kwa ajili ya kimo huwa fupi, na inaivuta shako mpaka isimame wima au iegemee mbele. Hapo springi haina pa kurefukia kwa urahisi, na kishindo cha tuta kinapanda moja kwa moja kwenye chesisi. Unaweza kuwa na springi laini kabisa na bado ukarushwa kwa sababu hii peke yake.

Shako ndefu za kunyanyulia nyuma siziafiki. Ili upate mm 25 za kimo lazima uongeze mm 50 za shako, pua ya difu inabadili mwelekeo, na gari linayumba zaidi kwenye kona. Vile vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli, vya kawaida sana kwenye pikapu kubwa za Marekani, vina sifa moja: haviongezi ugumu wa springi. Kasoro yao inajitokeza unapovuta tela mlimani. Ekseli inapata mkono mrefu zaidi wa kuipinda springi, springi inajikunja umbo la S, inaachia, inajikunja tena, na dereva anasikia nyuma inaruka kila anapoachia klachi. Kuvipanga viwili, kimoja juu ya kingine, kusikubalike kwa bei yoyote.

Kuna msuguano pia. Pleti sita zilizoganda kwa kutu hazisogei mpaka kishindo kiwe kikubwa. Kwa vishindo vidogo zinakuwa bonge moja la chuma. Mwenye gari anasema springi ni ngumu, kumbe zimelala bila kufanya kazi. Zifunguliwe, zipigwe brashi ya chuma, mifereji iliyochimbwa na ncha za pleti isagwe, kisha vichomekwe vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha. Grisi inasaidia, ila kwenye vumbi hukusanya mchanga na kugeuka msasa. Bushi za raba nazo zina siri yake: bolti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kamwe lisiwe linaning'inia kwenye jeki. Zikikazwa gari likining'inia, raba inabaki imesokotwa muda wote. Inaisukuma nyuma juu, inaongeza ugumu na kuchanika mapema. Yubolti ziwekwe mpya zikifunguliwa, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuituliza springi, na kwenye gari lililonyanyuliwa kosa la kwanza huwa ni urefu. Ukipandisha gari mm 50 ukaacha shokapu za zamani, umekula mm 50 za nafasi yake ya kurefuka. Gari likitoka kwenye tuta ekseli inashuka, shokapu inafika mwisho na kugota kwa mlio wa chuma. Mlio huo ndio watu wengi huuita springi ngumu. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda gari likiwa chini, kisha likining'inia. Tofauti ikiwa mm 40 au 50 tu, shokapu ni fupi mno.

Kosa la pili ni joto. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, kama kipande cha Naabi hadi Seronera ndani ya Serengeti, shokapu haipumziki. Mafuta yake yanapata moto, yanatoa povu, na nguvu ya kutuliza inapotea dereva akiwa bado na safari ndefu. Shokapu za bomba moja zenye gesi ya naitrojeni hupoa vizuri zaidi kwa sababu ukuta wake unapigwa na upepo moja kwa moja. Za mabomba mawili huvumilia zaidi kugongwa na mawe. Kwa tela kwenye barabara hizo mimi huchagua ya mabomba mawili yenye kipenyo kikubwa na mafuta mengi, halafu namwambia dereva apunguze mwendo.

Sasa yule msaidizi wa siku za tela. Ziko njia mbili za maana. Ya kwanza ni mifuko ya upepo inayokaa kati ya ekseli na chesisi: unajaza ukifunga tela, unapunguza ukilifungua. Kwa faraja haina mpinzani, lakini inakusanya mzigo kwenye sehemu moja ya chesisi ambayo haikuundwa kubeba hivyo. Huko Australia pikapu za milango minne zimepinda chesisi nyuma ya kabini kwa mchanganyiko wa mifuko hiyo, tela zito na barabara mbovu. Ukiitumia, weka upepo wa kurudisha sehemu tu ya kimo kilichopotea, na usijaribu kuisawazisha nyuma hadi iwe kama gari tupu. Njia ya pili ni raba nene zenye uwazi ndani, kama za Timbren ya Canada, zinazochukua nafasi ya zile raba fupi za kugotea. Gari likiwa tupu haziguswi. Springi ikilala zinaanza kubeba taratibu. Hazina bomba la kupasuka, na kwa mwenye tela la kilo 1,500 ndizo ningempa kwanza.

Kuna jambo la usalama ambalo karibu kila gereji hulisahau. Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Nyuma ikilala, vali inajua kuna mzigo na inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Ukinyanyua gari bila kurekebisha fimbo hiyo, vali inadhani gari ni tupu hata unaposhuka ukingo wa Ngorongoro na tela mgongoni. Propela shafti nayo itazamwe: gari likitetemeka linapoanza kuondoka, pembe zake zimebadilika, na beringi ya katikati huenda ikahitaji kushushwa kidogo.

Tufe la kuvutia limepanda pamoja na gari, kwa hiyo lishushwe mpaka tela likae sambamba na ardhi au liinamie mbele kidogo. Tela lililoinua pua huyumba, na kuyumba kwake hutikisa nyuma ya pikapu ambayo umetumia fedha nyingi kuituliza. Vitu vizito vikae juu ya ekseli ya tela au mbele yake kidogo, visirundikwe mwishoni.

Fedha zikiwa chache, anza na mizani, upepo wa matairi, bushi na kusafisha pleti. Gari nyingi hutulia hapo hapo. Shokapu za urefu sahihi zifuate, kisha raba za msaada, na springi mpya ziwe za mwisho. Fundi akikuuliza unataka ngumu au laini kabla hajakuuliza unabeba kilo ngapi, chukua funguo zako utafute gereji nyingine.