Baba yuko jeshini: ratiba ya nyumbani na vitu vya kuchezea kwa watoto wadogo



Karatasi hii ni yako wewe unayelea watoto wadogo kambini huku mume wako au ndugu yako yuko jeshini, au alichukuliwa na wenye silaha na hujapata habari zake. Tangu vita vya Burundi vya mwaka 1993 na vita vya Kongo vya mwaka 1996, akina mama wengi walivuka mpaka kuingia mkoa wa Kigoma wakiwa peke yao na watoto. Akina bibi, shangazi na dada wakubwa wanaolea, karatasi hii ni yenu pia.

FAMILIA YA ASKARI NI RAIA

Baadhi ya akina mama huogopa kwamba wakitaja kazi ya mume watanyimwa chakula. Mke wa askari na watoto wake si askari. Ni raia kama familia nyingine, na msaada wanaostahili ni uleule. Kambi ni mahali pa raia, na silaha haziruhusiwi ndani yake. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 unasema kwamba kumpa mkimbizi hifadhi ni tendo la amani na la utu.

Si lazima kila jirani ajue kazi ya baba. Mwambie mtoto: "Habari za baba tunazizungumza hapa nyumbani." Lakini usimbadilishie mtoto jina la baba yake, la babu yake au la kijiji chake. Ndugu waliopotezana hutafutwa kwa majina hayo. Jina likibadilishwa, baba anaweza kumtafuta mtoto wake bila kumpata.

MTOTO AKIULIZA, "BABA YUKO WAPI?"

Mjibu kwa maneno machache na ya kweli. Kwa mfano: "Baba yuko mbali. Sijui atarudi lini. Mimi niko hapa nawe."

Usiseme "atarudi kesho" ili anyamaze. Kesho ikifika bila baba, mtoto atakosa kukuamini. Usimtishe kwa kusema "baba akija atakuchapa", maana ataogopa kurudi kwake. Kama umepata habari ya hakika kwamba baba amefariki, mwambie mtoto kwamba amefariki. Usiseme amelala au amesafiri. Mtoto anayeambiwa hivyo huweza kuogopa usingizi, au kungoja bila mwisho.

RATIBA YA SIKU

Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui saa. Anachojua ni kwamba baada ya jambo hili hufuata lile. Yule aliyekimbia usiku na kuona mambo yote yakivurugika hutulia pale siku zinapofanana. Ratiba haihitaji fedha. Inahitaji mpangilio uleule kila siku:

1. Asubuhi: kunawa uso, kisha uji. Mpe mtoto kazi ndogo yake mwenyewe, kama kukunja mkeka au kubeba kikombe.
2. Mchana: kucheza karibu na mtu mzima. Mama akienda kuchota maji au kutafuta kuni, amwambie mtoto anakwenda wapi na nani atabaki naye. Usiondoke kwa kujificha.
3. Jioni: kuoga na kula pamoja, hata kama chakula ni kidogo.
4. Usiku: hadithi moja fupi au wimbo, kisha kulala. Maneno ya mwisho yawe yaleyale kila usiku.

Siku ya mgao huvuruga ratiba, kwa kuwa foleni ni ndefu. Mwambie mtoto tangu jana yake. Akina mama watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu: mmoja abaki na watoto wote, wengine waende.

VITU VYA KUTENGENEZA

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja kucheza kuwa haki ya mtoto. Kwa kucheza, mtoto hutoa yaliyo moyoni ambayo hawezi kuyasema.

Mpira. Kunja matambara mpaka yawe kama ngumi. Yatie ndani ya soksi kuukuu. Zungushia kamba ya mgomba au ya katani huku na huku kama wavu, kisha kaza fundo.

Mwanasesere. Jaza vipande vya nguo katikati ya kitambaa, funga shingo kwa uzi, shona macho na mdomo. Kama kuna shati lililochakaa la baba, kipande chake kinafaa sana. Mtoto atalala nacho.

Gari. Kata magurudumu manne kutoka kwenye soli ya ndala iliyokwisha. Toboa katikati kwa msumari. Pitisha vijiti viwili vilivyonyooka kwenye boksi gumu, vika magurudumu, kisha funga uzi kwenye ncha ili yasichomoke.

Kamba ya siku. Tundika kamba ukutani. Kila jioni mtoto afunge fundo moja. Siku ya mgao, afunge na kitambaa chekundu. Hivyo ataona siku zikipita na ataweza kungojea jambo linalojulikana. Msihesabu mafundo ya kumngojea baba, kwa kuwa siku yake haijulikani.

Kopo la baba. Chukua kopo la mafuta ya mgao lililokatwa juu. Gonga kingo kwa jiwe mpaka zilale kabisa, kisha zizungushie kitambaa. Humo mtoto aweke kila anachotaka baba akione: mchoro wa mkaa, jino lililong'oka, daftari la kwanza la shule. Kwa mtoto anayesumbuka, kopo hili ni msaada mkubwa, kwa sababu lina mahali pa kuweka hamu yake.

Tahadhari: mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe vifungo, kete wala vizibo, anaweza kupaliwa. Asichezee mifuko ya nailoni wala betri za zamani. Makopo yaliyowahi kuwekwa dawa ya wadudu au rangi yasitumike kabisa.

MICHEZO YA VITA

Watoto walioona vita huigiza vita. Usiwapige kwa ajili hiyo. Kaa karibu, uliza: "Huyu amejeruhiwa, nani atamtibu?" Mchezo utapata njia nyingine. Lakini usitengeneze bunduki ya mti inayofanana na ya kweli. Wafundishe pia wasiguse chuma wasichokijua, hasa mtakaporudi nyumbani. Mabomu na risasi hubaki ardhini miaka mingi baada ya vita.

KUMWANDIKIA BABA

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu hupelekwa bure. Huandikwa kwenye karatasi isiyofungwa, na huchukua habari za familia tu. Usiandike kikosi, mahali jeshi lilipo wala siasa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutembelea pia watu waliofungwa kwa sababu ya vita na kuchukua ujumbe wao. Mwulize kila mtoto anataka kusema nini, uandike maneno yake jinsi alivyosema. Jibu laweza kuchelewa sana. Mwambie mtoto hivyo mapema.

BABA AKIRUDI

Mtoto mdogo anaweza kumkimbia baba yake. Baba asikasirike wala asimlazimishe kumkumbatia. Kwa siku za kwanza ashike kazi moja katika ratiba, kama kumwogesha au kusimulia hadithi ya usiku. Wafungue kopo pamoja.

LINI UOMBE MSAADA

Kukojoa kitandani, kushtuka usiku na kumng'ang'ania mama ni mambo ya kawaida kwa watoto waliokimbia vita. Usimwaibishe mtoto. Lakini akiacha kula, kusema au kucheza kwa majuma kadhaa, mpeleke zahanati au umwone mfanyakazi wa huduma za jamii. Na wewe mama, ukiona huna nguvu tena ya kuamka na kuwahudumia, nenda ukaseme. Hilo nalo hutibiwa.

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma.