Namna ya Kupiga Picha za Ndege wa Nyumbani

Watu wengi hudhani kwamba kupiga picha za ndege na wanyama ni kazi ya wageni wenye magari na kamera za thamani kubwa. Sivyo. Mwenye shamba dogo Kiambu au Bungoma, au mpangaji wa Nairobi ambaye uani kwake pana mti mmoja tu, anao ndege wa kumtosha mwaka mzima. Naye akiwa na simu yenye kamera aweza kuanza kesho asubuhi. Zamani filamu moja ilitoa picha 36, na kila picha ilikuwa na gharama yake. Siku hizi picha mbovu hufutwa bila hasara. Kitakiwacho zaidi ni subira, na kuzijua desturi za ndege wenyewe.

Tuanze na mwanga. Hapa karibu na Ikweta jua la adhuhuri husimama utosini, likamtia ndege kivuli kizito machoni na tumboni. Saa zifaazo ni tangu saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tangu saa kumi mpaka jua kutua, nazo ndizo saa ambazo ndege hushughulika sana na chakula. Mpiga picha na asimame jua likiwa mgongoni pake. Jambo hili lahusu hasa chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anyonyaye maji matamu ya maua. Rangi za kung'aa za chozi dume hazitokani na rangi tu iliyomo katika manyoya yake; hutokana na jinsi manyoya yenyewe yalivyoumbwa, hata yakarudisha mwanga kwa namna ya pekee. Kwa hiyo mwanga ukiwa nyuma yake huonekana mweusi kama mkaa, na akigeuka kidogo tu hung'aa kijani au zambarau. Wengi wamefuta picha za chozi wakidhani kamera yao ina kasoro.

Ndege aliyetua aweza kupigwa picha vizuri kwa kasi ya sehemu ya 250 ya sekunde. Lakini kwera dume, anapopigapiga mabawa akining'inia chini ya kiota chake ili kumwita jike, hataki kasi iliyo chini ya sehemu ya 1,000. Wenye simu wajihadhari na kule kuikuza picha kwa vidole, maana picha huharibika. Afadhali kusogea karibu.

Na kusogea karibu ndiko kwenye kazi. Anayemfuata ndege huona mkia wake tu. Yafaa kuketi karibu na ua la mshubiri, au kando ya chombo cha maji, ukamngoja ndege akujie mwenyewe. Huko Uingereza walikuwako ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, ambao yapata mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi iliyowambwa juu ya miti myepesi, kisha mpiga picha akaingia ndani pamoja na kamera yake. Wachungaji wetu wataifahamu hila hiyo upesi, kwani kila siku huwaona yangeyange wakitembea katikati ya miguu ya ng'ombe bila hofu. Cherry alifika Afrika Mashariki mwaka 1909, akapiga picha za sinema za safari ya Theodore Roosevelt.

Sisi hatuna haja ya kumchuna ng'ombe. Magunia machache juu ya fito nne yatosha, yakiachwa mahali pale siku mbili tatu ili ndege wayazoee. Kisha waingie watu wawili, na mmoja atoke aende zake wazi wazi. Mara nyingi ndege hudhani banda limebaki tupu, akarudi kwenye shughuli zake. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, gari lenyewe ndilo banda: wanyama wamelizoea, mradi abiria wakae ndani na injini izimwe, kwani mtikisiko wake huitia picha ukungu.

Sasa lipo jambo la viota, nami nitalieleza kwa kosa langu mwenyewe. Shore, yule ndege mwenye kichwa cheusi na rangi ya manjano chini ya mkia, alijenga katika ua wa nyumba yangu. Matawi yalikiziba kiota, nami nikayakata matatu kwa kisu ili nione vizuri. Picha nilizipata, tena safi. Niliporudi saa nane makinda wote wawili walikuwa wamekufa kwa jua, na mama yao yuko juu ya waya na mdudu mdomoni. Sikumwonyesha mtu picha zile.

Tawi halikatwi. Hufungwa kando kwa uzi, likafunguliwa mara picha inapokwisha, maana majani yale ndiyo kivuli cha makinda na ndiyo yawafichayo wasionwe na mwewe na kunguru. Nyasi zisikanyagwe hata pawe na njia, kwa kuwa paka na nguchiro hupenda kufuata njia iliyokwisha kufunguliwa. Kiota chenye mayai kisisogelewe kabisa, kwani shore akisumbuliwa wakati huo aweza kukiacha moja kwa moja. Na ikiwa makinda wamekwisha kuanguliwa, lakini mama hajarudi baada ya dakika chache, mpiga picha na atoke bandani aondoke, hata kama hajapata picha moja. Wiki mbili hivi baadaye makinda watakuwa nje wakijifunza kuruka, wakiketi wote pamoja juu ya tawi moja mahali palipo wazi, nao hapo hupigwa picha kwa urahisi.