KUPACHIKA NA KUNAKILI: HIFADHI YA WINGU KATIKA KAZI YA MTAFITI

Mtafiti akusanyaye masimulizi ya Kipimbwe au Kibende katika Mkoa wa Katavi hurejea Mpanda na faili nyingi za sauti, naye hutaka kuziweka mahali pa salama nje ya kompyuta yake. Siku hizi mahali hapo huwa ni hifadhi ya wingu, yaani mashine za mbali zifikiwazo kwa intaneti. Ziko njia mbili za kuitumia kwa amri za kuandikwa: kupachika na kunakili. Azichanganyaye aweza kupoteza kazi ya miezi.

Katika Linux, programu iitwayo rclone hupachika hifadhi kwa amri hii:

rclone mount hazina: ~/Sauti

«Hazina» ni jina ambalo mtumiaji ameipa hifadhi yake kwa rclone config. «Sauti» ni folda tupu iliyokwisha kutengenezwa. Jambo hili huwezeshwa na FUSE, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2005. Tangu hapo folda huonyesha majina ya faili zote kana kwamba zimo ndani.

Lakini majina si mali. Katika reli itokayo Kaliua, hati ya mizigo yaweza kufika Mpanda hali mizigo yenyewe ingali njiani. Vivyo hivyo, yaliyomo katika faili huletwa pale tu inapofunguliwa. Intaneti ikikatika, jina hubaki na sauti isisikike.

Kwa mwenye kuandika faili, yafaa kuongeza --vfs-cache-mode writes. Hapo faili huwekwa kwanza katika diski ya kompyuta, kisha hupelekwa sekunde 5 baada ya kufungwa; upelekaji ukishindikana, hujaribiwa tena.

Hatari kubwa zaidi ni kufuta. Faili ifutwayo katika folda iliyopachikwa huondoka katika hifadhi pia, kwa kuwa ni moja, wala si mbili. Kitenzi chenyewe chaeleza: apachikaye picha ukutani hajapata picha ya pili, na aipachuapo hakuachi kitu nyuma. Folda nayo hupachuliwa kwa fusermount -u ~/Sauti.

Nakala ya kweli hupatikana kwa rclone copy, na ulinganifu wake huthibitishwa kwa rclone check. Hayo yakiisha, ndipo kinasa sauti kifutwe kwa safari nyingine.