Kupakia na Kupakua: Uhamishaji wa Faili katika Mbao za Matangazo za Simu

Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi faili zilivyohamishwa kati ya tarakilishi ya mtu binafsi na ubao wa matangazo wa kielektroniki kwa kutumia laini ya kawaida ya simu, kabla ya intaneti kuenea. Huenda msomaji wa taaluma ya Kiswahili akajiuliza mada kama hii inamhusu nini. Inamhusu kwa kuwa vitenzi kupakia na kupakua, ambavyo siku hizi vimo katika menyu za simu za mkononi, vina mwelekeo ambao wengi huukosea, na mwelekeo huo hauwezi kueleweka barabara bila kuijua kazi yenyewe. Fauka ya hayo, mawasiliano ya awali ya kielektroniki baina ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki yalipitia njia hii hii, na historia hiyo haifai kuachiwa wahandisi peke yao.

Ubao wenyewe na laini yake

Ubao wa matangazo wa aina hii ulikuwa tarakilishi moja, aghalabu iliyowekwa nyumbani kwa mwenyewe, iliyounganishwa na laini ya simu kupitia modemu. Ubao wa kwanza wa aina hiyo ulitengenezwa jijini Chicago, Marekani, na Ward Christensen na Randy Suess. Wazo lilizaliwa Januari 1978, dhoruba ya theluji ilipowafungia watu majumbani, na ubao ukafunguliwa tarehe 16 Februari mwaka huo huo. Laini moja ilimaanisha mgeni mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili alipopiga alikuta laini ina shughuli, akalazimika kungoja wa kwanza aage.

Laini ya simu iliundwa kubeba sauti ya binadamu, wala si tarakimu. Kazi ya modemu ilikuwa kuzigeuza tarakimu kuwa milio na milio kuwa tarakimu. Katika mtindo wa Bell 103 wa mwaka wa 1962, modemu ya mpigaji ilitoa mlio wa hezi 1070 kwa biti 0 na hezi 1270 kwa biti 1, ilhali ya mpokeaji ilitumia hezi 2025 na 2225. Kwa kutenganisha milio namna hiyo, pande zote mbili ziliweza kusema kwa wakati mmoja bila kukatizana. Kasi yake ilikuwa biti 300 kwa sekunde. Kila baiti ya biti 8 iliongezewa biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, hivyo herufi moja ikagharimu biti 10, na mstari ukapitisha herufi 30 kwa sekunde.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Diski laini ya wakati huo ilibeba kilobaiti 360, yaani baiti 368,640. Kwa kasi ya biti 300, kuipitisha yote kulichukua takriban saa 3 na dakika 25. Kwa modemu ya 2400, kama dakika 26. Kwa modemu ya 14,400 iliyokuja miaka ya 1990, dakika 4 na ushei. Anayepigia ubao wa mji mwingine alilipia kila dakika hizo. Ndiyo maana faili zilibanwa kabla ya kusafirishwa, kwanza kwa programu ya ARC iliyotokea mwaka wa 1985, kisha kwa PKZIP ya Phil Katz ya mwaka wa 1989, ambayo muundo wake wa ZIP ungali unatumika hadi leo. Kubana faili hakukuwa umaridadi; kulikuwa kupunguza bili.

Hatua za mpigaji

Mpigaji alifungua programu ya mawasiliano, mathalani Procomm au Telix, akaandika ATDT na nambari ya simu ya ubao. Amri hizo zinazoanza na AT zililetwa na modemu ya Hayes ya mwaka wa 1981 na zikawa lugha ya pamoja ya modemu nyingi zilizofuata. Ubao ulipoitika, ulimwomba jina na neno la siri, kisha ukamwonyesha menyu. Katika sehemu ya faili aliweza kuomba orodha. Humo kila faili ilitajwa kwa jina, ukubwa, tarehe na maelezo mafupi. Akichagua faili ya kupakua, ubao ulimuuliza ni itifaki gani itumike, kisha ukatangaza kwamba uko tayari.

Hapa ndipo wageni wengi walipokwama. Ubao ukishasema uko tayari, upande wa mpigaji nao ulihitaji kuambiwa kwamba maandishi yanayokuja si ya kusomwa skrinini, bali ni faili ya kuhifadhiwa. Katika Procomm alibonyeza kitufe cha kushusha ukurasa ili kupokea, na cha kupandisha ukurasa ili kutuma. Asipofanya hivyo kwa wakati, ubao ulichoka kungoja ukakata tamaa.

Kupakia kulifuata mkondo huo huo kwa kinyume, ila mpakiaji alitakiwa pia kuandika maelezo ya faili yake. Mbao nyingi zilikuwa na sharti la uwiano: atakaye kupakua faili nyingi sharti naye apakie kadhaa. Mwendeshaji wa ubao ndiye aliyekuwa hakimu. Aliikagua faili kwa kuhofia virusi, akafuta isiyofaa, na baadhi ya wapigaji walijulikana kwa kupakia takataka almuradi wapate haki ya kupakua.

Tatizo la kelele

Laini ya simu ilikuwa na mikwaruzo. Katika barua, herufi moja ikipotea msomaji huikisia kutokana na muktadha. Programu ya tarakilishi haina muktadha wa kuikisia: baiti moja ikiharibika kati ya elfu hamsini, huenda programu nzima isifanye kazi, au ifanye kazi vibaya bila mtu kutambua. Kwa hivyo ilihitajika kanuni ya kuthibitisha kila kipande kinachofika. Christensen aliibuni mwaka wa 1977, kabla ya ubao wenyewe, na ikaja kujulikana kama XMODEM.

XMODEM huigawa faili katika vifurushi vya baiti 128. Kila kifurushi hutanguliwa na baiti yenye thamani 1 inayotangaza mwanzo, kisha nambari ya kifurushi, kisha nambari hiyo ikitolewa kutoka 255, ili iwapo moja itaharibika njiani zisilingane. Baada ya baiti 128 za faili huja baiti ya jumla ya ukaguzi, na kifurushi kizima kikawa na baiti 132. Anayeanza si mtumaji bali mpokeaji: hutuma baiti 21, yenye maana ya kukataa, kuashiria kwamba bado hajapata kitu. Mtumaji hutuma kifurushi cha kwanza na kunyamaza. Mpokeaji hujumlisha baiti zote 128, hubakiza salio baada ya kugawanya kwa 256, na kulinganisha na jumla aliyoletewa. Zikilingana hutuma baiti 6, yaani amekubali. Zisipolingana hutuma 21 tena, na kifurushi hicho hurudiwa. Faili ikiisha mtumaji hutuma baiti 4.

Nambari ya kifurushi ina faida isiyoonekana mara moja. Tuseme kifurushi kimefika salama lakini jibu la kukubali limeharibika njiani. Mtumaji atakirudia. Mpokeaji akiona nambari ile ile ataelewa kwamba ni marudio, atakubali, na kukitupa.

Udhaifu wa kujumlisha unaweza kuonyeshwa kwa neno la Kiswahili. Katika msimbo wa ASCII, herufi l ni 108, i ni 105, m ni 109 na a ni 97. Neno lima lina jumla ya 419, ambayo ikigawanywa kwa 256 hubakiza 163. Sasa l na m hutofautiana kwa biti moja tu, ya mwisho. Kelele ikigeuza biti hiyo katika herufi zote mbili, l itakuwa m na m itakuwa l, na lima itafika ikiwa mila. Jumla bado ni 419, salio bado ni 163, na mpokeaji atakubali kwa moyo mkunjufu. Mkulima amegeuka kuwa mwanajadi na hakuna aliyeng'amua.

Dawa yake ilikuwa ukaguzi wa aina nyingine, unaojulikana kwa kifupi kama CRC. Kifurushi chote huchukuliwa kama nambari moja ndefu ya biti na kugawanywa kwa kigawanyo maalumu, na salio la biti 16 ndilo linaloambatishwa. Hapa nafasi ya kila biti ina uzito wake, hivyo kosa la biti mbili kama la lima na mila halipiti kamwe katika kifurushi cha ukubwa huu. Mpokeaji anayetaka ukaguzi huu huanza kwa kutuma herufi C badala ya baiti 21.

Kasoro nyingine ya XMODEM ni kwamba kifurushi cha mwisho lazima kijae. Faili ya baiti 1000 huhitaji vifurushi 8, yaani baiti 1024, na pengo la baiti 24 hujazwa kwa herufi ya 26. Faili hufika ikiwa ndefu kuliko ilivyoondoka. Aidha itifaki hii haitumi jina la faili. Mpokeaji huliandika mwenyewe. YMODEM ya Chuck Forsberg ilirekebisha hayo kwa kutanguliza kifurushi nambari 0 chenye jina na ukubwa.

Hata hivyo ugonjwa mkuu ulikuwa kungoja. Simu inayopitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta huchelewa takriban robo sekunde kila upande, nusu sekunde kwenda na kurudi. Kwa kasi ya 2400, kutuma baiti 132 huchukua sekunde 0.55. Hivyo karibu nusu ya muda unaolipiwa hupotea kwa kungoja baiti moja ya jibu. ZMODEM, ambayo Forsberg aliitoa mwaka wa 1986, iliiacha desturi hiyo. Mtumaji hutiririsha faili bila kusita, na mpokeaji huzungumza tu panapotokea kosa, akitaja ni baiti ya ngapi pa kurudia. Uwezo huo huo uliiwezesha kuendeleza faili iliyokatika. Kabla yake, laini iliyokatika dakika ya 24 kati ya 26 ilimaanisha kuanza upya, na kulipa upya. Kwa ZMODEM zilibaki dakika 2. Ni vigumu kutaja rekebisho lililothaminiwa zaidi na wapigaji.

Kermit, iliyobuniwa mwaka wa 1981 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na Frank da Cruz na Bill Catchings, ilikuwa na shabaha tofauti. Tarakilishi kubwa za vyuo zilimeza baadhi ya herufi za amri, hivyo Kermit ilizivisha vazi la kawaida: herufi ya 13, mathalani, ilisafiri kama #M. Ilikuwa ya polepole, lakini ilifika pale ambapo nyingine zilishindwa.

Nairobi na njia ya usiku

Mwaka wa 1984 Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet, mpango ambao mbao zenyewe zilipigiana simu usiku na kubadilishana barua. Kimsingi barua hizo zilikuwa faili: zilikusanywa, zikabanwa kuwa furushi moja, zikapitishwa kwa itifaki kama ZMODEM. Afrika ilipewa ukanda wa 5 katika mfumo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la Environment Liaison Centre International jijini Nairobi lilikuwa na kituo cha FidoNet kilichounganishwa na GreenNet ya London, na mradi wa ESANET uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Nairobi uliunganisha kwa mbinu hiyo vyuo vya Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Mawasiliano ya kimataifa ya Kenya yalitegemea kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka wa 1970; nyaya za nyuzi za chini ya bahari zilifika pwani yake mwaka wa 2009. Kwa hivyo ile nusu sekunde ya kungoja ilikuwa gharama halisi kwa mhadhiri aliyetaka makala kutoka ng'ambo.

Mwelekeo wa vitenzi

Kupakia ni kutia shehena chomboni na kupakua ni kuishusha, na kiambishi -u- cha kutendua kinachoonekana katika fungua na tegua kimo pia katika pakua. Kama ubao ni jahazi, basi anayetuma faili ubaoni anapakia na anayeichukua anapakua. Mhimili ni mpigaji daima: ubao hausemwi kwamba unapakia, hata pale unapotuma. Anayesema "nimepakia wimbo kwenye simu yangu kutoka mtandaoni" ameugeuza mhimili, ingawa mtu anaweza kumtetea kwamba kwake yeye simu ndiyo chombo. Utetezi huo una mantiki, ila ukikubaliwa jozi nzima hupoteza kazi yake.

Taswira yenyewe ina mpaka. Shehena ikishushwa jahazi hubaki tupu, na wali ukipakuliwa sufuria hupungua. Faili ikipakuliwa hubaki palepale ubaoni kwa atakayefuata. Kwa kweli tendo lenyewe ni kunakili, lakini nakili haisemi lolote kuhusu mwelekeo.

Mbao nyingi zilifungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Suess alifariki Desemba 2019 na Christensen Oktoba 2024. XMODEM ingali hai mahali pasipotazamiwa: kifaa cha kuelekeza mitandao kinapoharibika programu yake ya msingi, fundi hukiunganisha kwa waya na tarakilishi na kukitumia faili mpya kwa itifaki hiyo. Zile herufi C zinazojitokeza moja baada ya nyingine kwenye skrini yake ni kifaa kinachoomba kifurushi nambari 1.