Je, Wajua? Mbweha Naye Huwinda na Rafiki Yake

Je, wajua kwamba vijana wawili wa Likuyani wakiingia shambani na mbwa wao kumsaka mbweha aliyebeba kuku, wanaovunja sheria ni wao? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikaacha mlango mdogo kwa wapiga ndege tu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliongeza makali: hata anayewinda apate kitoweo aliwekewa faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Na mbweha mwenyewe hata kitoweo si kitoweo.

Je, wajua kwamba Moi's Bridge, mji ulio jirani na Likuyani, zamani uliitwa Hoey's Bridge? Jina lilitokana na Cecil Hoey, mlowezi aliyekuwa mwindaji kabla ya kushika jembe, akajenga daraja la kuvuka Mto Nzoia. Mashamba makubwa ya walowezi yalianza kukatwakatwa na kugawiwa Waafrika miaka ya 1960, na ndiyo maana Likuyani ya leo ni mahindi juu ya mahindi.

Je, wajua kwamba mbweha huoa? Dume na jike huishi pamoja miaka na miaka, wakilinda himaya moja. Uwindaji wao ndio wa kutazama. Mama swala mara nyingi humfukuza mbweha aliye peke yake. Wakija wawili, mmoja humchokoza mama mpaka amkimbize, na mwenzake papo hapo anamrukia mtoto aliyejificha nyasini. Watafiti waliowafuatilia Tanzania miaka ya 1960 walikuta mbweha pekee hufaulu mara 16 katika 100, wawili mara 67. Tena watoto wakikua, baadhi hawaondoki. Hubaki nyumbani mwaka mzima kuwalisha wadogo zao. Mtafiti Patricia Moehlman alilieleza jambo hilo mwaka 1979: penye wasaidizi, watoto wengi zaidi hupona.

Kwenye mahindi hakuna swala. Huko mbweha hula panya, panzi, kumbikumbi, matunda yaliyoanguka na mizoga. Kuku ni bahati yake, panya ndio riziki. Mkulima anayehesabu kuku waliopotea angehesabu na mahindi yaliyogugunwa stoo; mimi naona mbweha ana deni dogo kuliko anavyosingiziwa.

Utamjuaje ni wa aina gani? Mwenye ncha nyeupe mkiani ni mbweha miraba, mpenda vichaka na mashamba. Mwenye mgongo mweusi uliochanganyika na mvi ni mbweha mgongo-mweusi. Wa tatu, aliyeitwa mbweha wa dhahabu, vinasaba vilimvua jina mwaka 2015: yule wa Afrika, hata wa Kenya, ni mbwamwitu (wolf kwa Kiingereza).

Je, wajua kwamba Marekani wana wao, koyote, na kwamba kumwinda shambani ni mchezo wa marafiki wawili? Mmoja hupiga mlio wa sungura anayekufa. Mwingine hukaa upande ambao upepo unaelekea, kwa sababu koyote haji moja kwa moja. Huzunguka kwanza anuse. Idara moja tu ya serikali ya huko iliua zaidi ya 60,000 mwaka 2021. Koyote bado wapo, kuanzia Alaska hadi Panama.

Je, wajua kwamba sumu haichagui? Mzoga uliopakwa dawa kwa ajili ya mbweha huliwa pia na tai na mbwa wa jirani. Furadan, dawa ya wadudu iliyoua simba na tai wengi nchini, iliondolewa sokoni Kenya na watengenezaji wake mwaka 2009. Banda la mbao lililofungwa kabla ya giza, bila pengo chini ya mlango, linatosha kwa kuku.

Na je, wajua mbweha wa kuogopwa ni yupi? Ni yule anayeingia uani mchana bila woga, huku anayumba na kutokwa mate. Huyo huenda ana kichaa cha mbwa, ugonjwa uliothibitishwa Kenya tangu 1912. Usimkaribie, na mbwa wako mfunge. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.